Umekoma?

"Mama, umekoma?"

Aliyeniuliza ni muuguzi kijana, asubuhi moja ya mwezi Juni, katika chumba cha kliniki ambacho mlango wake haukufungwa. Nje ya mlango palikuwa na benchi, na juu ya benchi wanawake saba au wanane waliopakata watoto. Wote walisikia. Mmoja alicheka, kisha akaziba kinywa kwa pindo la kanga. Nami, mwalimu wa Kiswahili kwa miaka 26, nilikosa jibu.

Wapenzi wa lugha mnaosoma hapa mmekwisha kung'amua kilichotokea. Kitenzi hicho kina maisha mawili. Vitabuni kinavaa kanzu: vita vimekoma, mvua imekoma, safari imefika kikomo. Uani na barazani kinashika fimbo. Mtoto hukatazwa kuchezea moto, akaidi, aungue, ndipo mama yake amwulize, "Umekoma?" Mtu hutishwa kwa "utakoma", hufukuzwa kwa "ukome", na aliyekopesha akadhulumiwa huapa kwa "nimekoma". Benchi lile lilisikia Kiswahili cha uani. Lilimsikia mwanamke wa miaka 51 akiulizwa kama adhabu imemwingia.

Muuguzi hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua kama hedhi yangu imekoma. Aliona haya kuitaja hedhi mbele ya mtu wa umri wa mama yake, akaiacha nomino njiani, kitenzi kikaingia chumbani peke yake. Niliyajua hayo yote pale pale. Kilichonifunga ulimi kilikuwa kingine: sikuwa na namna ya kujua jibu.

Nilikuwa nimekwenda kuulizia kuacha sindano. Niliianza nikiwa na miaka 37, baada ya mtoto wa nne, ambaye kuzaliwa kwake kulinitoa damu hadi nikaona dari la wodi linazunguka. Kila baada ya wiki 12 au 13 nilikwenda na kadi yangu, nikachomwa, nikarudi darasani. Mwaka wa kwanza damu ilikuja ilipotaka: leo tone, kesho kutwa kijito, wiki mbili kimya. Ulikuwa mwaka wa taabu kwa mwanamke anayeswali. Hii ni hedhi, niache swala? Au ni istihadha, nioge nisimame? Mwaka wa pili ikanyamaza kabisa. Mkunga mmoja mtu mzima aliniondoa hofu. Jirani zangu walinishawishi kuwa damu isiyotoka hujirundika tumboni ikawa uvimbe. Yeye alinieleza kuwa dawa inazuia yai lisipevuke, na utando wa ndani wa mji wa mimba unabaki mwembamba, kwa hiyo hakuna kinachojaa wala cha kumwagika. Nilimwamini, na alikuwa na haki ya kuaminiwa.

Basi kwa miaka 12 na ushei sikuhesabu mwezi. Mwanamke asiyetumia dawa huona alama anapokaribia ukomo: damu inachelewa, inarudi mara mbili ndani ya mwezi, inaruka miezi mitatu, inamdanganya tena. Mimi alama hizo sikuziona. Huenda yalinipata yote chini ya pazia la sindano, huenda hayajaanza. Aliyepaswa kutoa ushahidi alikwisha kunyamazishwa, tena kwa ombi langu mwenyewe.

Niseme kidogo juu ya maneno, maana ndiyo yanayotukutanisha hapa. Vidonge vya kuzuia mimba tunaviita vidonge vya majira, na sijui kama yupo malenga aliyewahi kuvipa jina zuri zaidi. Majira ni nyakati za mwaka, na mabaharia wa zamani walilitumia neno hilo hilo kwa njia ya chombo baharini. Mwanamke anayemeza vidonge vya majira anashika usukani. "Uzazi wa mpango", msemo uliofika nasi pamoja na kliniki, mabango ya nyota ya kijani na kazi ya UMATI, ambayo mizizi yake ni ya mwaka 1959, una harufu ya ofisi, lakini umefanya kazi yake. Sindano ni sindano. Kijiti ni kijiti, kitanzi ni kitanzi: vyombo vya kuingilia vyote vina majina, na watu wanayatamka bila kigugumizi.

Kuingia kwenyewe nako kuna jina. Binti huvunja ungo. Sijui lugha nyingine iliyolitazama jambo hilo ikaona chombo cha kupepetea nafaka kikipasuka! Mama yangu, Mmakonde wa Newala, alichezwa unyago kwa siku nyingi, akafundishwa kwa nyimbo na vificho. Mimi niliyelelewa Mikindani nilipewa somo wa kunikalisha ndani na kunieleza. Lakini anayefika mwisho hapewi picha wala ngoma. Anapewa "kukoma hedhi", au siku hizi "ukomohedhi", neno lililoungwa kwa ajili ya mabango ya afya.

Nilijaribu kuona wenzetu walifanyaje. Neno la kitabibu linalotumika Ulaya lilitungwa na daktari Mfaransa, Charles-Pierre-Louis de Gardanne. Mwaka 1816 alilipendekeza kwa umbo moja, mwaka 1821 akalifupisha, naye aliunga maneno mawili ya Kigiriki, mwezi na kukoma. Kwa hiyo hatukuwa mbali naye. Waarabu, waliotupa neno hedhi, wanauita umri huo sinnul-yaas, umri wa kukata tamaa. Asili yake ni lugha ya Kurani katika Suratut Talaq, inapotaja eda ya wanawake waliokata tamaa ya kupata hedhi, kwamba ni miezi mitatu. Tulichukua hedhi, tukachukua twahara, tukachukua eda. Tamaa iliyokatika tuliiacha jahazini. Sijui nani aliyeamua, lakini ninamshukuru. Kukoma kuna ukali wa uani, sawa, ila hakusemi chochote juu ya tamaa.

Tena kuko jirani na kukomaa. Sidai kuwa ni ndugu wa damu, hiyo ni kazi ya wanaisimu. Ninasema tu kwamba sikio likisikia "amekoma" halipiti mbali na "amekomaa". Na wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wana koma ya tatu, ile alama ya mkato. Nimewaambia mara elfu kuwa koma ni pumziko, sentensi bado inaendelea, mwisho ni nukta. Nilipotoka kliniki siku ile nilitembea kwa miguu hadi Shangani nikiwaza kama ningemjibu, "Mwanangu, sijui kama hii ni koma au ni nukta."

Lakini halikuwa suala la maneno matupu, na hapa lazima nimtaje dada yangu.

Dada anakaa Msimbati, kijiji cha mchanga na minazi kilicho kaskazini ya mahali Mto Ruvuma unapoingia baharini. Alitumia vidonge vya majira kwa miaka mingi. Alipofika miaka 46 aliviacha kwa sababu ya maumivu ya kichwa. Miezi mitatu ikapita bila damu. Shoga zake wa kutanda dagaa wakampa hongera: umri umefika, umepumzika. Naye akasema, "Nimeshamaliza." Tumbo lilipoanza kujaa alidhani ni uvimbe, akaenda kwa mganga akapewa mizizi. Mtoto alipocheza ndipo alipojua. Akajifungua akiwa na miaka 47, baada ya kuletwa mjini usiku kwa gari la kukodi kwenye barabara ya mchanga, kanga tatu zikiwa zimeloa damu chini yake. Mimi ndiye niliyekipakata kichwa chake. Alipona, na mtoto alipona. Mtoto huyo leo ana miaka 12, anaishi nami mjini kwa ajili ya shule, ananiita mama mdogo. Sitaki hata kwa mbali aje asome hapa akadhani kuzaliwa kwake kulikuwa kosa la hesabu. Ila hesabu ilikosewa, na ilikaribia kuniulia dada.

Kwa hiyo nilikuwa na hofu mbili zilizovutana. Nikiendelea na sindano, mifupa yangu. Mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza sindano hiyo iandikwe onyo kwamba matumizi ya muda mrefu hupunguza uzito wa mifupa, nami nilikuwa nakaribia umri ambao mifupa hupungua hata bila kusaidiwa. Nikiacha, usiku wa Msimbati.

Nilitafuta daktari kwingine, mama mmoja ambaye alifunga mlango kabla ya kuniambia karibu. Maelezo yake niliyaandika nyuma ya kitabu cha maandalio ya masomo, nami nayaweka hapa kwa sababu yapo mabenchi mengi. Alisema mwanamke huhesabiwa kuwa amekoma baada ya kutimiza miezi 12 mfululizo bila damu, pasipo sababu nyingine ya kuizuia. Sindano ni sababu nyingine, kwa hiyo miaka yangu ya ukimya haikuhesabika hata mmoja. Alisema kwa kawaida mwanamke akifika 50 hushauriwa aiache sindano, ahamie kinga nyingine. Baada ya sindano ya mwisho mwili unaweza kuchukua hata mwaka kuamka, kama bado una la kuamkia. Katika kungoja huko tutumie kondomu. Aliyekoma kabla ya miaka 50 aendelee kujikinga kwa miaka miwili tangu damu ya mwisho, aliyekoma baada ya 50 mwaka mmoja, na mwanamke akishatimiza 55 karibu kila mara anaweza kuacha kinga yoyote. Kisha akainua kidole kama mwalimu: "Damu ikirudi kabla ya mwaka, andika tarehe. Lakini ukipita mwaka mzima mkavu, kisha uone hata tone, usingoje, njoo nikutazame."

Nilipokuwa njiani kurudi nilitambua jambo la kisarufi ambalo sikuwa nimelifundisha kamwe. Kitenzi hiki, kwa mwanamke, hakina wakati uliopo. Mvua naweza kuitazama dirishani nikasema inakoma. Hedhi siwezi. Siku inapokoma hakuna ajuaye, mwenyewe akiwemo. Inafanana na mwezi mwingine wowote, pengine alifua nguo akaanika akasahau. Mwaka mmoja baadaye ndipo anaporuhusiwa kugeuka nyuma na kusema, "Ilikoma siku ile." Jambo kubwa kiasi hicho mwilini, na lugha haina budi kulitamka likiwa limeshapita.

Nilikwenda Mikindani kumsalimu somo yangu, ambaye amepita miaka 80 na bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani.

"Shikamoo, somo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda, au ndiyo huko kufundisha?"

Nikamweleza. Nikamwuliza kwa nini alinikalisha ndani siku zote zile nilipovunja ungo, lakini hakuna aliyeniita kunikalisha sasa. Alifikiri muda.

"Mlango wa kuingilia tunaupigia ngoma," akasema. "Kutoka, kila mtu hutokea uani."

"Na wewe ulitokaje?"

"Nilikuwa nalima. Sikuona mlango." Akacheka, kisha akaniuliza kama nimewahi kuyaona maji mafu. Bila shaka nimeyaona. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, bahari ikajaa mpaka mizizi ya mikoko, ikapwa mpaka pweza wakachokolewa mbali miambani. Kati ya bamvua na bamvua kuna siku za maji mafu: hayajai sana, hayapwi sana. "Mtu wa bara akiyaona," akasema, "husema bahari yenu imekwisha nguvu. Mwache. Wiki ijayo atalowa."

Kuhusu mume wangu nitasema machache, kwa kuwa hakuniomba nimwandike. Nilipomweleza maagizo ya daktari alikubali bila ubishi, jambo lililonishangaza, na akajitolea kwenda mwenyewe duka la dawa. Alirudi na vidonge vya kichwa. Muuzaji, alisema, alimwamkia kwa heshima mno. Kesho yake nilikwenda mimi. Muuzaji alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nipatie kondomu, pakiti mbili."

Aliinama chini ya meza kwa muda mrefu kuliko ulivyohitajika. Mwanafunzi huyo, nakumbuka, hakuwahi kuelewa ngeli ya U-ZI.

Sindano yangu ya mwisho ilikuwa ya Machi. Kusi ilivuma, mikorosho ikachanua, nikaendelea kufundisha na kungoja. Hakuna kilichokuja. Mnamo Novemba joto lilinishika: linaanzia kifuani, linapanda shingoni, uso unawaka, kisha jasho, kisha baridi. Nikafurahi, nikidhani mwili umesema. Lakini niambieni, Mtwara mwezi wa Novemba, mvua bado hazijatua, ni nani asiyetoka jasho? Mume wangu alikuwa akitoka jasho. Mbuzi wa jirani alikuwa akihema. Nikakosa hata hilo la kuwa ushahidi. Usiku mmoja niliketi kibarazani, nikaandika ubeti huu:

*Ewe mwili umekoma, au umenyamazani?*
*Miezi nimeipima, haina hesabu ndani,*
*Bamvua lililovuma, liko wapi leo pwani?*
*Nijibu japo kwa homa, nijue niko njiani.*

Wa pili haukuja. "Homa" nimeipachika kwa ajili ya kina, malenga mnisamehe: joto lile si homa, na kulichanganya na homa katika mkoa wenye malaria ni hatari. Nimetafuta neno letu la joto hilo nikakosa linalotosheleza mizani wala maana. Mwenye nalo aniletee. Hata Mwana Kupona, aliyemwandikia binti yake utenzi mwaka 1858 akiwa mgonjwa, na kumwusia juu ya mengi ya nyumba na ndoa, hakumwachia la hapa. Au labda alimwambia kwa mdomo, uani.

Wiki ya mwisho ya Desemba tulikwenda Msimbati kwa dada, mimi na mtoto. Alikuwa amevunja ungo mwezi Oktoba, nyumbani kwangu. Nilimkalisha chumbani siku hiyo, nikafunga mlango, nikamweleza yote kwa majina yake, nikamfundisha kuweka alama kwenye kalenda. Hakukuwa na ngoma. Tulikula wali kwa pweza.

Siku ya tatu huko, maji yakiwa yamepwa mbali na wanawake wakirudi na ndoo, niliingia chooni nikaona damu. Si nyingi. Damu ya kawaida, nyekundu iliyoiva, kama mgeni aliyekaa ughaibuni miaka 12 akarudi bila barua. Nilikaa nikaitazama. Sikuwa na pedi. Kwa nini ningebeba pedi? Nikamwita mtoto kupitia upenyo wa mlango wa makuti, nikamwomba moja ya zake.

Kimya kidogo. Kisha: "Mama mdogo, na wewe?"

"Na mimi."

Aliniletea, akageuka ukutani ilipotundikwa kalenda ya mama yake, ambako alikuwa amezoea kuweka alama zake kwa kalamu nyekundu. Akauliza yangu aiandike kwa rangi gani. Nikamwambia atumie penseli.